Maji yakiingia vyumba vya chini, dawa iko nje ya ukuta

Nyumba nyingi za vilima vya Kampala, kama Muyenga na Naguru, zimechimbiwa ubavuni mwa kilima, na ukuta wa nyuma wa gereji au stoo umebeba udongo. Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, zikilowesha kilima, chumba hicho ndicho hujaa kwanza.

Kama maji yameshaingia, usikanyage ndani kabla umeme haujazimwa. Meni swichi ikiwa humo humo, usiifuate. Mwite fundi akate umeme kutoka nje. Pampu ya petroli ikae nje, mbali na madirisha, maana moshi wake una sumu inayoua.

Usiharakishe kukausha. Udongo ukijaa maji hadi meta 1 nyuma ya ukuta, chini kabisa maji hayo husukuma kwa uzito wa karibu tani 1 kwa kila meta ya mraba, na maji ya ndani ndiyo yanayousaidia ukuta kuhimili. Ukiyatoa yote kwa mara moja, ukuta unaweza kupasuka au sakafu kuinuka. Punguza sm 30, piga alama ya chaki, ngoja hadi kesho. Yakiwa yamepanda juu ya alama, kilima bado kimejaa, subiri.

Baadaye safisha kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kwa kuwa klorini haifanyi kazi juu ya tope. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi.

Sasa ukuta wenyewe. Wateja wengi hutuomba plasta mpya ya ndani yenye dawa ya kuzuia maji. Hatuipendekezi peke yake: maji huisukuma kutoka nyuma, ikavimba, ikatoa unga mweupe wa chumvi, ikabanduka. Kazi ya kweli ni kuchimba nje, nyuma ya ukuta, hadi usawa wa msingi lakini si chini yake. Chimba kipande cha meta 2 au 3, maliza, ndipo ufungue kingine, na kingo za shimo ziegemezwe mbao ili zisiangukie mafundi. Safisha ukuta, piga plasta ya saruji 1 kwa mchanga 3, kisha lami ya maji mikono miwili. Tandika kitambaa cha kuchujia, kokoto, na bomba la inchi 4 lenye matundu, likishuka sm 1 kwa kila meta hadi mdomo ulio wazi upande wa chini. Jaza kokoto, funika kwa kitambaa hicho, malizia na udongo ulioshindiliwa ukiinamia mbali na nyumba. Fundi akikwambia kitambaa si lazima, kataa: udongo wetu mwekundu huziba kokoto.

Angalia na paa. Mvua ya mm 20 juu ya mabati ya meta 100 za mraba ni lita 2,000, na mara nyingi tangi likijaa, ziada humwagika mguuni mwa ukuta ule ule. Iongoze kwa bomba hadi mfereji.

Pasipo mteremko wa kutosha, tunachimba kisima kidogo ndani na kuweka pampu yenye boya, vali ya njia moja na betri, kwani umeme hukatika wakati wa mvua kubwa.

Ukuta ukilowa hata kiangazi, funga koki zote za maji nyumbani na utazame mita ya maji. Ikizunguka, bomba linavuja. Usichimbe kilima bure.