Shemeji, lile jibu la siku ya arobaini

Shemeji,

Simu hupokei, meseji unazisoma unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, ukasirike ukipenda.

Mengine yote nimeyameza, ila lile jibu ulilompa binti yetu siku ya arobaini, mbele ya wazee, halijapita kooni. Mtoto kauliza swali la maana: kwa nini chuma kikipashwa moto huwa chekundu, kisha manjano, kisha cheupe? Ukamwambia, "Planck aliona janga la urujuanimno, akaikata nishati vipande. Kariri hivyo, mtihani utapita." Watu wakacheka. Yeye akafunga daftari.

Janga hilo ni ile hesabu ya zamani iliyodai kitu cha moto kitoe nishati isiyo na mwisho kwenye mawimbi mafupi. Jina lake alilitoa mwanafizikia Ehrenfest mwaka 1911, na Planck alisoma fomula yake ya mwanga wa vitu vya moto Berlin tarehe 19 Oktoba 1900. Atakimbiaje janga ambalo bado halina jina? Kilichomsukuma ni tanuri.

Pale Charlottenburg, kwenye taasisi ya vipimo ya Ujerumani, walitaka kipimo thabiti cha mwanga kwa ajili ya viwanda vya taa. Wanafizikia Lummer na Kurlbaum wakachukua silinda ya bamba jembamba la platini, ndani yake bomba la kauri, wakapitisha umeme hadi ikawaka. Mwanga ukiingia kwenye tundu dogo la tanuri hugonga kuta mpaka ukamezwa, kwa hiyo unaotoka hutegemea halijoto tu, si kauri wala platini. Hicho ndicho wanafizikia wanachokiita kitu cheusi, kwa kuwa humeza mwanga wote unaoingia, ingawa kinang'aa kuliko taa!

Kwenye mawimbi mafupi, kanuni ya Wien ya 1896, iliyotabiri nguvu ya mwanga huo kwa kila wimbi na halijoto, ilikaa sawasawa. Kwa wimbi la mikromita 0.5 na kelvini 1,773 (kelvini ni selsiasi ukijumlisha 273), kosa lake halifiki moja kwa milioni kumi, nani angelishtukia? Rubens na Kurlbaum wakayafuata mawimbi marefu kwa kuakisi mnururisho, yaani mawimbi yanayotoka tanurini, mara kadhaa kwenye chumvi ya mawe, mengine yakafia njiani, yakabaki ya mikromita 51.2 hivi. Toka kelvini 300 hadi 1,773, Wien anasema nguvu iongezeke mara 2.2. Tanuri lilikuwa linakwenda kwenye mara 9.

Jumapili ya tarehe 7 Oktoba Rubens alimtembelea Planck nyumbani, akamwambia: huku kwenye mawimbi marefu, nguvu inapanda sambamba na halijoto. Planck akarudi kwenye entropi, kipimo cha jinsi nishati inavyosambaa. U ikiwa nishati, Wien alimpa 1/U, Rubens kampa 1/U², naye akaunganisha: 1/U(U+b). Ndipo ikazaliwa ile "toa moja" chini ya fomula. Vipande vya nishati vilikuja tarehe 14 Desemba, akitafuta maelezo ya kitu ambacho tayari kilikubaliana na vipimo. Tena alivikata kwenye vitetemeshi vya kuta za tanuri, si kwenye mwanga. Kwanta za mwanga, yaani vipande vya mwanga wenyewe, ni za Einstein, 1905.

Najua mnasema nachosha watu kwa tarakimu. Sawa. Lakini wewe ndiye uliyemfundisha mtoto huyu kupenda hesabu, hilo sikunyimi, na bila tarakimu ungempa nini?

Jibu la swali lake lilikuwa hili: gawa 2,898 kwa kelvini, upate kilele, yaani wimbi lenye nguvu kuliko yote, kwa mikromita. Kwa 1,773 ni mikromita 1.63, jicho halioni. Tunachoona ni mkia tu, na mkia huanzia kwenye nyekundu; joto likipanda rangi nyingine hujiunga, ndipo manjano, kisha cheupe.

Mpe na hii. 14,388 gawa kwa 51.2, gawa tena kwa kelvini. Namba e (2.718) ipandishe kwa jibu hilo, toa moja, kisha moja igawe kwa kilichobaki. Afanye kwa 300 na kwa 1,773, alinganishe. Halafu arudie bila kutoa moja, ataziona zile mara 9 na 2.2. Asiweke selsiasi, itaharibika yote.

Dada msalimie.