Aberhart apimwe pia kwa shule, si kwa dola 25 peke yake

Mhariri,

Kila anapotajwa William Aberhart, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Alberta, Kanada, kinachokumbukwa ni zile dola 25 za kila mwezi alizowaahidi watu wazima wote, ambazo hazikulipwa. Lawama hiyo ni ya haki. Ila ukiishia hapo hutajua kwa nini mwalimu huyu alianguka vibaya kwenye fedha na akafaulu kwenye elimu, ndani ya serikali ileile.

Alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari ya Crescent Heights, Calgary, tangu 1915 hadi 1935, na kuanzia 1925 akihubiri redioni. Mdororo wa uchumi ulipowaangusha wakulima wa ngano, akachanganya mahubiri na nadharia ya mhandisi Mwingereza, C. H. Douglas: kwamba mapato ya watu hayatoshi kununua vyote vinavyozalishwa, basi serikali izibe pengo kwa kuwagawia raia fedha. Agosti 22, 1935, chama chake kilitwaa viti 56 kati ya 63. Yeye mwenyewe hakugombea. Aliingia bungeni Novemba kupitia Okotoks-High River.

Hata kabla ya kubishana kuhusu uchumi wake, swali la kwanza ni mamlaka. Katiba ya 1867 inaiachia serikali ya shirikisho sarafu na benki, na majimbo inayaachia elimu. Tazama hati za ustawi za mwaka 1936, karatasi ambazo serikali yake ilizitoa zitumike kama fedha. Hati ya dola 1 ilipaswa kubandikwa stempu ya senti 1 kila wiki kwa miaka 2, jumla stempu 104, la sivyo haina thamani. Lengo lilikuwa watu wazitumie haraka. Lakini kila mtu alitaka kuitoa mkononi kabla siku ya stempu haijafika, na mwenye duka aliyeipokea hakuweza kuiweka benki, kwa kuwa benki ziliikataa. Mwaka uliofuata zikaondolewa.

Mwaka huohuo wa 1937 alijaribu kuzibana benki kwa sheria, serikali ya shirikisho huko Ottawa ikazibatilisha sheria hizo. Akaja na miswada mitatu mingine. Mwakilishi wa mfalme jimboni, John Bowen, akakataa kuidhinisha, na 1938 Mahakama ya Juu ikasema yote iko nje ya uwezo wa jimbo. Mmoja uliyataka magazeti yachapishe taarifa za serikali na kutaja vyanzo vyao vya habari. Huo, kwangu, ndio doa kubwa kuliko dola 25. Karibu nao ni sheria ya kumwondoa mbunge kwa saini za theluthi mbili ya wapiga kura: aliipitisha 1936, na wapiga kura wake walipoanza kukusanya saini dhidi yake, bunge likaifuta.

Sasa njoo kwenye elimu, ambako yeye alikuwa waziri mkuu na pia waziri wa elimu. Vijijini kulikuwa na maelfu ya wilaya za shule, nyingi zikiwa na shule moja ya chumba kimoja na wadhamini watatu wanaoajiri na kufukuza mwalimu. Mavuno yakikauka, kodi ya wilaya hiyo nayo inakauka, na mshahara wa mwalimu unabaki deni. Aberhart aliziunganisha wilaya nyingi kuwa tarafa kubwa chini ya bodi moja, ili eneo lililovuna lisaidie lililokosa. Mwaka 1936 pia sheria ikafanya uanachama wa chama cha walimu kuwa wa lazima, hivyo mwalimu wa kijijini hakusimama tena peke yake mbele ya wadhamini.

Wazo la tarafa halikuwa lake. Perren Baker, waziri wa elimu wa serikali iliyotangulia, alilipendekeza akashindwa na upinzani wa vijijini. Upinzani huo ulikuwa na msingi: wazazi waliona uamuzi kuhusu shule yao ukihamia kwenye bodi ya mbali, na chumba kilichofungwa kilimaanisha mwendo mrefu kwa mtoto wakati wa baridi kali. Aberhart alikuwa na viti vya kutosha kuustahimili, na alijua kutoka darasani mwalimu asiyelipwa anafundishaje.