Kwa mdogo wangu wa tromboni: msikilize Melba Liston

Marahaba mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Kwa hiyo kiongozi wenu wa matarumbeta kaamua tromboni, ile ya bomba refu la kuvuta na kusukuma, apewe kijana aliyejiunga juzi, na wewe urudi kwenye matoazi, eti mikono ya mwanamke haifiki. Huyo sitamjibu mimi. Namwachia Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki wa jazz, amjibu, na nakuandikia hadharani kwa sababu najua wenye kesi kama yako mko wengi.

Melba alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1926. Alikuwa na miaka saba alipoiona tromboni ikiuzwa, akaipenda kwa uzuri wake tu, na nyumbani wakamnunulia. Mikono yake kweli ilikuwa haifiki mwisho wa bomba. Basi alijipigia hivyo hivyo, babu yake akimsaidia kutafuta nyimbo kwa kusikiliza, mpaka mikono ikarefuka yenyewe kama mikono ya mtoto yeyote. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa Los Angeles, analipwa mshahara kwenye bendi ya ukumbi wa maonyesho.

Mimi sikumjua kwa tromboni. Nilikuwa natafuta Kiswahili kwenye jazz. Simaanishi Morogoro Jazz wala Dar es Salaam Jazz, maana hizo unazijua na neno "jazz" pale ni jina tu; hii ni ile ya Wamarekani weusi wenyewe. Nikakutana na santuri ya mpiga piano Randy Weston iitwayo *Uhuru Afrika*, iliyorekodiwa New York Novemba 1960. Mwaka ule nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru, na Tanganyika ilikuwa bado ina mwaka mzima wa kusubiri. Santuri inafunguliwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akitamka kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes. Ndiyo, Sanga yule yule ambaye wazee wa Makete wanamkumbuka kama mbunge wao. Kipande cha kwanza kinaitwa "Uhuru Kwanza", cha mwisho "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964, na ukiisikiliza utaelewa walichokiogopa.

Sasa tega sikio. Mle ndani mna wanamuziki zaidi ya ishirini. Kwenye ngoma peke yake kuna Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido wa Cuba na Max Roach wa Marekani, watu watatu waliokulia kwenye mapigo matatu tofauti. Juu yao zinakuja tarumbeta, tromboni, saksafoni na filimbi. Kundi kama hilo bila mtu wa kulipanga lingekuwa soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Lakini kila chombo kinaingia kwa zamu yake, vyombo vya shaba vinanguruma chini halafu vinapisha ngoma zipumue, na mwimbaji anaachiwa nafasi bila kufunikwa. Nikajiuliza ni nani aliyeamua hayo yote, maana Weston alikuwa kwenye piano. Nikatafuta majina yaliyoandikwa nyuma ya jalada, yale ya herufi ndogo, na pale ndipo nilipomkuta: muziki umepangwa na Melba Liston.

Hiyo ndiyo kazi inayomfanya mtu asahaulike. Mpangaji anaandika nota za kila mmoja, anakesha, asubuhi anagawa karatasi, na jina linalobaki kwenye jalada ni la mwenye bendi. Siku hizi kwenye simu ni mbaya zaidi, kwa sababu hata lile jalada la nyuma halipo. Unaona picha moja na jina moja basi. Sisi wenyewe tuna tabia hiyo: tutakutajia mtunzi na mwimbaji wa kila wimbo wa zamani wa dansi, lakini aliyepanga zile tarumbeta tunamwita "bendi".

Melba alishawahi kukata tamaa. Mwaka 1949 alikwenda na mwimbaji Billie Holiday kwenye ziara ya majimbo ya Kusini, ziara ikafa njiani, hela hakuna. Alirudi Los Angeles akafanya kazi ya ofisini kwenye idara ya elimu kwa miaka kadhaa, na kuigiza vipande vidogo kwenye filamu. Mengine aliyoyasimulia uzeeni kuhusu wanaume wa safarini siyo ya kuandika hapa, tutaongea ukija.

Mwaka 1956 mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alimwita kwenye bendi yake kubwa. Wanaume wakanung'unika: mwanamke wa nini? Kwa simulizi yake mwenyewe, Dizzy alimwambia atoe nota alizokuja nazo, wazipige pale pale. Wakajikwaa wakaanza upya, na manung'uniko yakaishia hapo. Sikiliza "My Reverie" ya bendi ile, kazi ya Debussy, mtunzi wa Kifaransa, aliyoigeuza Melba.

Santuri yenye jina lake mbele aliitoa moja tu maisha yake yote, *Melba Liston and Her 'Bones*, iliyorekodiwa mwaka 1958. Ni tromboni tupu mbele, yeye katikati ya mafundi kama Bennie Green, Al Grey na Slide Hampton. Mwaka huo huo aliipanga *Little Niles* ya Weston, nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya watoto. Kwangu hiyo inaishinda hata *Uhuru Afrika*, ingawa najua wengi watanibishia.

Waliofunikwa namna hii wako wengine. Dorothy Ashby wa Detroit alipiga jazz kwa kinubi wakati watu walidhani kinubi ni cha harusi. Mpiga saksafoni Tina Brooks alirekodi santuri nne kwa jina lake pale kampuni ya santuri ya Blue Note, akafa mwaka 1974 akiwa ameona moja tu ikitoka, *True Blue*. Hao tutawafikia.

Miaka ya sabini Melba alikwenda Jamaika kufundisha muziki. Mwaka 1985 alipata kiharusi na tromboni ikaishia pale. Akajifunza kuandika muziki kwa kompyuta, akarudi kumpangia Weston tena: *The Spirits of Our Ancestors* ilirekodiwa 1991. Alifariki mwaka 1999.

Nimekutumia *Her 'Bones* na *Little Niles* kwenye WhatsApp. Usisikilize kwa spika ya simu, tromboni za chini zitapotea zote. Azima hedifoni za kaka. Anza na "Blues Melba", ujifunze kuufuata ule mstari wake taratibu, hata kwa kuimba kwanza. Halafu mazoezi yajayo nenda mapema kabla ya yule kijana, uichukue tromboni uupige. Matoazi waachie ukutani.

Dada yako