Mswaki wa umeme hautoi madoa ya maji yetu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Usa River, huku Arusha, alirudisha mswaki wa umeme wa soniki, ule wa kutetemeka, aliouchukua dukani kwetu siku kumi na mbili nyuma. Aliutupa juu ya kaunta hata salamu hakuna. "Mmeniuzia feki. Meno ni yale yale." Nikauwasha, ukavuma kama nyuki, hauna tatizo. Nikamwomba kwa heshima anionyeshe meno. Meno ya mbele juu yana mistari ya kahawia, imelala. Nikajua.

Ule si uchafu, ni alama ya floridi, madini ya kwenye maji. Wengi tuliokulia Arumeru tumeinywa kwenye maji tangu utotoni, meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru vimepita hapo. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Doa limo ndani ya jino lenyewe. Mswaki wa elfu mbili hauliondoi, wa laki mbili hauliondoi. Ukitaka lipungue, nenda kwa daktari wa meno.

Lakini watu wanapenda njia ya mkato. Kaka mmoja wa bodaboda alikuja akitafuta dawa ya ganzi. Chai ya moto hanywi, maji baridi hanywi. Kumuuliza, kumbe miezi mitano anasugua kwa mkaa uliosagwa na mswaki mgumu, tena kwa nguvu zote. Pale jino linapokutana na fizi palikuwa pamechimbika. Aliishia kuziba meno matatu, na madoa yake yapo palepale.

Sasa mtaniuliza, huo wa umeme mnauza wa nini? Wa kutoa utando, ule utelezi unaouhisi kwa ulimi asubuhi, ambao ukiachwa unaganda kuwa ugaga. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta kwamba baada ya miezi mitatu wanaotumia umeme wana utando pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, kuliko wa mswaki wa kawaida. Ni tofauti, si muujiza. Mwenye mkono mtulivu, mswaki laini na dakika mbili kamili, mimi simuuzii wa umeme. Namuuzia wa elfu mbili na aende zake. Wa umeme nampa mwenye vidole vinavyouma, mzee, mtoto mvivu, au yule ambaye mswaki wake baada ya wiki tatu umetawanyika kama ufagio wa chelewa. Huyo anakandamiza mno, na mashine nzuri humwonya.

Wa kichwa cha duara unazunguka huku na huku. Unaupeleka jino kwa jino. Wa soniki unatetemeka haraka sana. Unauegemeza kidogo kwenye fizi na kuusogeza polepole. Yote miwili, usisugue! Ukisugua umelipia mota halafu umefanya kazi yake.

Bei mnazolalamikia mkija dukani ni za vichwa vya kubadilisha. Kichwa hubadilishwa kila miezi mitatu, na vile vya mtaani vya bei ya nyanya vimeniletea kesi za nywele za mswaki kubaki kwenye fizi. Na ndugu zenu wa Marekani wakiwatumia mswaki, someni chini ya chaja kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa volti 110 mpaka 130 peke yake, soketi ya kwetu ya 230 itaiunguza. Ninazo nne kwenye droo, zote zananuka moshi, na wenyewe walitaka niwatengenezee bure.

Mama wa Usa River sikumrudishia hela, kitu kimeshaingia mdomoni. Nilimpa kichwa kipya, tukaenda kwenye sinki la nyuma, nikamwonyesha sekunde thelathini kila robo ya mdomo. Katikati akautoa, povu mpaka kidevuni, akacheka: "Mbona unanitekenya pua?"