Mwanagenzi apewe ndoo kabla ya mwiko

Mhariri,

Mafundi wengi wanaolea wanagenzi kwenye ujenzi wa nyumba huanza kwa kuwapa mwiko. Tunaomba waanze na ndoo. Mchanganyiko wa kujengea ukuta ni ndoo moja ya saruji kwa tano au sita za mchanga, zilizosawazishwa juu. Anayepima kwa koleo hukosea, maana koleo moja hujaa kilima na jingine nusu.

Achanganye vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo atie maji kidogo kidogo. Hapa msimamizi asibanduke. Mchanganyiko ukikaa saa moja na nusu hivi huanza kukaza, na kijana huumwagia maji ili ulainike. Unalainika kweli, lakini saruji ilishaanza kushikana, na viungio vya ukuta huo, yaani mchanganyiko ulio kati ya tofali na tofali, vitapukutika. Achanganye kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja, basi.

Kwenye ukuta, ajenge kona kwanza, avute uzi, viungio viwe vya milimita 10, na timazi, yaani uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, ishushwe kila baada ya mistari mitatu ya matofali. Ukiona kosa, usimnyang'anye mwiko, tafadhali! Mpe timazi, mwulize ukuta umelalia upande gani, kisha aondoe tofali mwenyewe kabla halijashika.

Kumwagilia ukuta kwa siku 7 ndiko kunakosahauliwa zaidi. Aandikiwe zamu, asubuhi na jioni, na msimamizi aguse ukuta kuhakikisha.

Mafundi waashi, wakufunzi wa wanagenzi