Mbeya City ya 2013/14 haikuwa bahati

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Tangu Mbeya City ipande tena Ligi Kuu mwaka 2025, ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar kwenye Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, kuna maneno nayasikia hapa Kabwe asubuhi na jioni mpaka yamenichosha: "Ule msimu wa kwanza wa Ligi Kuu ilikuwa bahati tu. Safari hii tusajili kweli kweli." Wanaosema hivyo ni wapenzi wa timu kama mimi, na wengi wao enzi zile walikuwa bado wanasoma shule ya msingi. Siwalaumu. Ila mimi nilikuwepo, tena kwa kazi yangu ya cherehani nilikuwepo kuliko wengi, maana mwaka ule nilishona zambarau, rangi ya timu yetu, mpaka macho yakaniuma.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa vijiweni hesabu hazipendwi. Agosti 24, 2013 tulifungua ligi nyumbani, Uwanja wa Sokoine, na Kagera Sugar, 0-0. Nilirudi nyumbani sina cha kusimulia. Tulikuwa tumepanda timu tatu: sisi, Ashanti United na Rhino Rangers ya Tabora. Watu hawakuwa wakibishana kama tutashuka, walibishana nani atatangulia. Septemba Yanga wakaja Mbeya, 1-1. Mwezi huohuo tukawafuata Simba Uwanja wa Taifa, 2-2. Novemba tukaenda Chamazi kwa Azam, 3-3, Mwegane Yeya akitupia yote matatu. Mzunguko wa kwanza ukaisha tumecheza mechi 13 na hatujafungwa hata moja: Yanga pointi 28, Azam 27, sisi 27.

Sasa naomba mtu anieleze hiyo ni bahati ya aina gani. Bahati inamtembelea mtu Jumamosi moja, refa hakuona, mpira umegonga mwamba ukarudi mikononi mwa kipa. Haiji mara 13 mfululizo, ikapanda basi mpaka Dar es Salaam, ikarudi Mbeya na kusubiri wiki ijayo.

Kipigo cha kwanza tulikipata Februari 2014, Yanga 1-0 pale Taifa. Mwisho wa msimu tulikuwa wa tatu kwa pointi 49. Tulishinda mechi 13, sare 10, tukafungwa 3 tu. Simba walikuwa nyuma yetu, wa nne, na pointi 38. Wale Ashanti na Rhino walirudi walikotoka.

Ile zambarau nisiipite hivihivi. Siku chache kabla ya Simba kuja Sokoine mwezi huohuo wa Februari, kitambaa cha zambarau kiliisha Mwanjelwa. Sisemi kilipungua, kiliisha. Nilizunguka maduka yote ninayokopa na yale nisiyokopa, nikaambulia vipande vya satini vya kushonea watoto wa ubarikio. Jioni akaja baba mmoja na mwanawe wa kama miaka saba, anataka jezi ya mtoto, na hakuna maneno utakayomwambia akaelewa. Nikampeleka kwa mwenye duka la mapazia jirani yangu. Kilichokuwepo ni zambarau yenye maua meupe makubwa. Nikakigeuza, maua yakaingia ndani, upande wa nje yakabaki kama kivuli tu. Nikamkatia shingo, nikambandikia namba mgongoni. Mtoto akaenda uwanjani amevaa pazia. Mechi iliisha 1-1, mvua ya kwetu ikatunyeshea wote, na Jumatatu yule baba akapita kuniambia rangi imechuja mpaka kwenye fulana ya ndani lakini mtoto amekataa kuivua.

Watu wa namna hiyo hawakuja kwa ajili ya jina kubwa, kwa sababu jina kubwa halikuwepo. Wengi wa vijana wale walipanda na timu kutoka Daraja la Kwanza, kama Championship ilivyoitwa enzi zile, na nje ya Mbeya hakuna aliyekuwa akiwajua. Deus Kaseke, Paul Nonga, Hassan Mwasapili, Deogratius Julius, marehemu David Burhan golini. Hao walikuwa wanakutana barabarani na sisi, tunawasalimia, wanaitika. Kocha Juma Mwambusi hakwenda kununua timu nyingine baada ya kupanda. Alichukua aliyokuwa nayo akaiongezea kidogo. Ukikaa jukwaani ulikuwa unaliona jambo hilo bila kuambiwa: Mwasapili akipanda upande wa kushoto, kuna mtu tayari ameshashuka kuziba, hajapigiwa kelele wala hajatazama benchi. Kujuana kwa namna ile hakuletwi na dirisha moja la usajili.

Naikumbuka pia Aprili 13, 2014. Azam walikuja Sokoine wakitaka ushindi ili wawe mabingwa kwa mara ya kwanza, na walikuwa hawajafungwa msimu mzima. Wakatufunga 2-1, Mwaikimba na Bocco, goli letu la Yeya. Mwaikimba! Jina la Kinyakyusa kabisa, ndilo lililotutoa machozi. Wakashangilia ubingwa wao kwenye nyasi zetu. Nilisimama nikawapigia makofi, jirani yangu akanitazama kama nimemwibia. Lakini bingwa asiyefungwa alilazimika kuja kuutafuta ubingwa wake Mbeya, na mpaka dakika za mwisho hakuwa na uhakika nao. Timu ya bahati haimfikishi mtu hapo.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza habari ambayo vijana wa Kabwe hawaipendi. Tulikwenda Khartoum kwenye Kombe la Bonde la Nile, tukarudi, kisha tukaanza kumegwa. Kaseke akachukuliwa na Yanga mwaka 2015. Nonga alipitia Mwadui, naye akaishia Yanga. Mwambusi mwenyewe mwaka huohuo akaenda palepale Yanga kuwa msaidizi wa kocha Pluijm. Burhan naye aliondoka, na Januari 2017 akafariki akiwa kipa wa Kagera Sugar, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Siwalaumu wachezaji hata chembe. Mpira ni kazi yao, na mimi mtu akinipa cherehani ya umeme kule Sinza nitahama kesho asubuhi. Ninachouliza ni kwa nini kila aliyeondoka nafasi yake ilijazwa na mgeni wa msimu mmoja. Tukamleta Kinnah Phiri kutoka Malawi, kocha mwenye heshima zake, akakuta nyumba ambayo nguzo zimeshang'olewa. Baada yake makocha wakapishana, wachezaji wakapishana, hadi Juni 2023 Mashujaa ya Kigoma ikatushinda kwao, ikaja ikatushinda tena hapahapa Sokoine, tukashuka.

Wazee wetu walishayaona haya. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda na mwaka huohuo, 1986, ikachukua ubingwa wa nchi. Ubingwa, si nafasi ya tatu! Haikuchukua muda nyota wake wakaanza kutwaliwa na timu za Kariakoo, na yenyewe ikashuka. Na juzi tu tulikuwa na Ihefu pale Ubaruku, Mbarali. Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kuivunjia rekodi ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Leo timu ile iko Singida, ina jina jingine, na watu wa Ubaruku wanaitazama kwenye runinga. KenGold ya Chunya ilipanda, ikakaa msimu mmoja, ikashuka. Mkoa huu haujawahi kukosa timu ya kupanda. Unachokosa ni timu ya kukaa.

Ndiyo maana maneno ya usajili wa kishindo yananitia homa. Vijiweni watu wanahesabu nani anakuja: huyu aliwahi kuchezea Simba, yule aliwahi kuitwa Taifa Stars. Sijasikia hata mmoja anayeuliza nani anabaki. Wale waliotutoa Championship, waliosafiri kwa basi kwenda kwenye viwanja ambavyo hata kamera hazifiki, wanaonekana kama mbao za jukwaa: zege likikauka zinang'olewa. Mimi si mpinzani wa usajili. Timu inahitaji kipa mwenye uzoefu na mshambuliaji wa kufunga, wachache kama hao walete. Ila ukileta watu 15, hujaimarisha timu, umeanzisha nyingine na kuivisha jezi ileile.

Halafu timu hii ni ya halmashauri ya jiji, yaani ni ya mlipa ushuru wa meza pale sokoni, mama wa ndizi, dereva wa bajaji wa Mafiati na mimi. Tuna haki ya kuambiwa mambo yake. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Kuna mwaka nilitoa mchango wa kusafirisha timu kupitia tawi moja la mashabiki ambalo silitaji, sikupewa risiti, na nilipouliza nikaambiwa mimi ni mamluki wa Prisons, timu nyingine ya hapahapa Mbeya. Mke wangu ni shabiki wa Prisons, hilo ni kweli, lakini fedha ilikuwa yangu.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo na linakuhusu wewe na waandishi wako. Mnapoandika habari za usajili wa timu za mikoani, chini ya picha ya mchezaji mpya anayeinua jezi, wekeni na mistari miwili ya waliobaki: majina yao, wamekaa na timu misimu mingapi, mikataba yao inaisha lini. Viongozi wakijua watasomwa kwa namna hiyo, nadhani watafikiri mara mbili kabla ya kumwacha beki wa miaka 22 ili kuleta jina la miaka 34.

Yule mtoto wa pazia sasa ni kijana mkubwa, anaendesha bajaji ya mjomba wake. Alipita wiki mbili zilizopita kuchukua vipimo, safari hii kwa kitambaa halali, nami nikamuuliza niweke jina la nani mgongoni. Akafikiri kidogo, akasema niache wazi kwanza.

Wana Koma Kumwanya, kama tunavyojiita watu wa Mbeya City.

Fundi cherehani,
Kabwe, Mbeya