Wifi yangu, maji nitakuja nayo mwenyewe

Wifi yangu,

Assalamu alaykum. Simu zangu hupokei, na kwenye kundi la ukoo nimeandika mara mbili, umesoma, umenyamaza. Basi nakuandikia hapa hapa ninapoandikia mapishi, maana najua unapita. Ile habari yangu ya bada, ugali wa muhogo, ulimsimulia mwanao neno kwa neno. Waliokuja kutafuta chakula wanisamehe, leo jiko halijawashwa.

Tuanzie kibarazani, siku tulipofika kwenye msiba wa mama. Gari limesimama, kaka yako hajashusha hata mguu wa pili, wanawake wa mtaa mzima wako kwenye mkeka, wewe ukatoka na kanga kichwani. Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, ukasema, "Mmepumzika vizuri?"

Basi. Ukarudi ndani.

Wifi, mimi ndiye niliyekushika mkono usiku ule wa mvua, mkunga hajafika, nawe unaapa hutazaa tena. Mimi ndiye niliyeuza cherehani yangu, na unajua kwa ajili ya nini. Sikukudai wala sikukutangaza. Ukaja kunipa maneno hayo mbele ya watu ambao kesho yake nilikuwa nawapikia pilau la hitima.

Na neno lenyewe la kupumzika lilitoka kwako. Jumatatu ile tukiwa uwanja wa ndege wa Washington nilikuuliza, nikasema zile siku mbili za Addis Ababa tuziache, tuunganishe moja kwa moja mpaka Dar. Ukanijibu, "Pumzikeni wifi, mama leo amekunywa uji, anawauliza tu." Ujumbe ninao. Sijaufuta na sitaufuta.

Mnasema kule nyumbani kwamba mimi ndiye niliyetaka kutalii. Nilitaka, ndiyo. Miezi mitatu Ohio kwenye theluji, nalea mzazi na kichanga, naosha nepi usiku, kaka yako hana wa kuzungumza naye isipokuwa televisheni. Ile safari ya kwenda miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kuingia. Kurudi ni karibu saa 13 angani kabla hujaiona Addis, kisha upande tena. Na jambo jingine nikwambie, maana hukuliona wewe, ulikuwa mdogo: watu wana fungate, sisi fungate yetu ilikuwa kile chumba cha uani kwenu, na mama anagonga dirisha alfajiri kuuliza kama ndoo zimejaa. Miaka 29 sijalala hotelini na mume wangu. Usiku mbili ndizo zimekuwa kesi.

Addis ni mji wa milimani, zaidi ya meta 2,300 juu ya bahari, na mtu wa Tanga akipanda ngazi ya kwanza tu anatafuta pumzi. Baridi ya asubuhi inakata. Lakini kaka yako alifurahi kwa jambo ambalo hukulitarajia: saa. Dereva alimwambia atatufuata saa tatu asubuhi, akafika saa tatu yetu. Wahabeshi wanahesabu kama sisi, jua likichomoza siku inaanza. Baada ya miezi mitatu ya kupiga hesabu za saa za Marekani kila alipotaka kumpigia mama, alisema hapa ameshafika nyumbani. Mwaka ndio unaowatofautisha. Wana miezi 13, na Januari ile ya 2025 kwao ilikuwa 2017. Tulicheka sana. Akasema, basi 2017 mama anakwenda Pongwe shamba kwa miguu na baba yuko hai.

Alitaka pia kuiona sanamu ya Mwalimu Nyerere, ile iliyozinduliwa makao makuu ya Umoja wa Afrika Februari 2024. Mwalimu mstaafu akienda kumwamkia Mwalimu. Alivaa koti. Askari wa getini wakatukatalia, tukaishia kuzunguka ukuta na kuchungulia. Kaka yako akasimama pale akanyoosha mkono wa heshima kuelekea huko ndani, kwa kukisia tu, maana sanamu yenyewe hatukuiona. Adhuhuri alisali msikiti wa Anwar, Merkato, nikamsubiri. Kisha tukaenda Shiro Meda, soko la nguo zao nyeupe za pamba, nikachukua netela moja ya kumpelekea mama. Nitakurudia kwa hiyo netela.

Wifi, nakushauri kama mkubwa wako. Msiba si mahali pa kupimana uzito wa machozi. Mtu akitoka safari mpe maji kwanza, kisha umsute. Na ukitaka kulaumu, laumu kwa haki. Mama alitutoka alfajiri ya Alhamisi, mkamtoa baada ya Alasiri. Najua, maiti huharakishwa, sibishani na sheria. Lakini kwa Baba Mkubwa mlingoja mpaka wa Muscat akafika, na yule wa Muscat hata kumuuguza hakumuuguza. Sisi ndege yetu ilikuwa asubuhi hiyo hiyo ya Alhamisi. Nilishuka usiku mapokezi nikauliza kama ipo ya mapema zaidi, nikaambiwa hakuna nafasi. Tulitua Dar mchana, tukachukua gari na mizigo tumeiacha kwa jirani. Tulipofika Mkata mkatupigia kwamba ndiyo mnamtoa. Alimwambia dereva asimame, akatawadha kwa maji ya chupa kando ya lori la machungwa, akasali Alasiri yake pale kwenye vumbi, akakaa. Alikaa sana. Dereva akanitazama, nikamwambia mwache.

Haya yote nimeyaeleza kwa mashangazi, kwa imamu, kwa kila aliyeuliza na asiyeuliza. Ndege, viti, saa ya kuondoka, barabara ya Chalinze. Na yote ni kweli. Ungekuwa mahali pangu ungefanya nini zaidi?

Unajua ungefanya nini.

Jumatano usiku tulikwenda mahali padogo nyuma ya hoteli. Jumatano Wakristo wao hufunga nyama, kwa hiyo shiro, ule mchuzi wao wa unga wa dengu, ilikuwa kila mahali, nasi tukaona afadhali, hatutaulizana nani kachinja. Baada ya chakula dada mmoja akatupikia kahawa. Pale chini wametandaza majani mabichi, ubani unafuka, ungedhani kuna maulidi. Akakaanga buni mbele yetu, akalipitisha kaango kila mtu avute ule moshi, akatuwekea bisi. Kahawa yao ni vikombe vitatu na kila kimoja kina jina. Cha kwanza abol, cha pili tona, cha tatu bereka. Kaka yako aliposikia bereka akapiga paja. "Baraka! Ni neno letu hilo!" Yule dada anacheka, kaka yako anamweleza kwa mikono jinsi mama anavyotwanga kahawa kwa kinu, analiiga hata lile guno lake.

Nilifungua mkoba kutafuta leso. Simu inawaka. Saa 1:40, saa zao ni saa zetu, sina pa kujifichia. "Wifi, mama amebadilika. Mwambie kaka apige."

Tulikuwa tumemaliza cha pili.

Nikaifungua, nikaisoma, nikailaza kifudifudi mapajani. Tangu lile shauri la shamba sijamwona mume wangu akicheka vile, meno yote nje, kama siku alipokuja kwetu na washenga. Nikasema moyoni, anywe cha tatu. Kinaitwa baraka, nitamwondoaje mtu kwenye baraka? Chungu kikarudishwa jikoni, makaa yakapepewa, kahawa ya tatu ile nyepesi nyepesi ikachelewa, mazungumzo yakaongezeka, teksi nayo ikachelewa. Tulipopiga ilikuwa imeshapita saa 3. Hukupokea. Tukapiga tena, hukupokea. Baadaye ulisema mlikuwa mnamsomea Yasini, simu iko chumba kingine. Uliposhika simu ilikuwa alfajiri.

Wiki zote hizi ninawasimulia watu habari za ndege. Wewe hukuandika "njooni". Uliandika "apige". Ungemwekea simu sikioni. Najua angemjibu, hata kwa guno.

Kaka yako anajua ujumbe uliingia, hajui uliingia saa ngapi. Huku hasomi, anasema ni mambo ya vyungu. Wewe unajua. Zile alama mbili za buluu uliziona saa 1:40, ukakaa na simu mkononi unangoja, mpaka mkakusanyika kumsomea. Ndiyo maana pale kibarazani ulinitazama mimi na si yeye. Nimechelewa kulielewa hilo. Nilidhani umenidhalilisha mbele ya watu, kumbe neno lile nililielewa mimi peke yangu, wengine walisikia swali tu.

Na mpaka leo hujamwambia. Umenihurumia au umeniwekea akiba? Ukitaka kumwambia, mwambie. Nikianza mimi nitaanza tena na habari za ndege, najijua.

Ile netela iko kabatini, nyeupe, ina ukingo wa kijani mwembamba. Mama angeivaa Idi. Nilitaka kuitoa sadaka kwenye arobaini nikashindwa kuifungua mfuko, bado ina harufu ya ubani wa kule. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nikuletee. Usipotaka niingie ndani nitakaa hapo hapo kibarazani.

Maji nitakuja nayo mwenyewe.